Kabla Hujamkatia Tiketi: Kwa Mnaoanza Uwakala wa Safari Mtwara na Lindi

Wadogo zetu mnaoanza kazi Mtwara mjini, Masasi au Lindi, abiria wa kwenda Dar es Salaam hatawasumbua. Ana kitambulisho, ana nauli, anapanda. Kazi inaanza siku anapoingia mama aliyealikwa na mwanawe Ujerumani, au mzee anayempeleka mkewe kutibiwa India. Hapo wengi hukimbilia kompyuta kutafuta nauli ya chini, na pasipoti hawajaiomba. Tiketi nafuu mara nyingi hairudishiwi fedha. Ukiikata leo na viza ikakataliwa kesho, hela ya korosho ya msimu mzima imepotea, na aliyempotezea ni wewe.

Anza na pasipoti yenyewe mkononi, siyo picha ya WhatsApp iliyokatwa pembeni. Nchi nyingi zinataka iwe na uhai wa miezi 6 mbele. Nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, zinataka miezi 3 baada ya siku ya kutoka kwao, na iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita. Hesabu kuanzia tarehe ya safari, usihesabu kuanzia siku mteja aliyokuja ofisini.

Kisha tazama chini ya ukurasa wa picha. Kuna mistari miwili ya herufi kubwa na vialama vya mishale, na hiyo ndiyo inayosomwa na mashine kaunta. Kwenye mstari wa kwanza, baada ya TZA linakuja jina la ukoo, halafu mishale miwili, halafu majina mengine. Jina la bukingi lichukue hapo, herufi kwa herufi. Kusini huku jina moja lina maandishi mawili matatu: Saidi na Said, Mohamedi na Mohamed, Hadija na Khadija. Cheti cha kuzaliwa kina hili, NIDA ina lile, na mteja atakutajia analoitwa nyumbani. Kosa la herufi moja mashirika mengi hulirekebisha ukiwahi. Jina zima likitofautiana, huyo huhesabiwa abiria mwingine na tiketi inakatwa upya. Kama pasipoti bado haijaombwa, mwambie asawazishe majina kwenye hati zake kwanza, kwa sababu pasipoti ikishatoka na kasoro, kila hati itakayofuata itairithi.

Elewa pia nani anayemzuia abiria. Mara nyingi ni mhudumu wa kaunta pale Dar es Salaam, kabla hata hajawaona Uhamiaji wa nchi anayokwenda. Kwa Kiambatisho cha 9 cha Mkataba wa Chicago wa 1944 wa usafiri wa anga, abiria akikataliwa kuingia, shirika lililomleta ndilo linalopaswa kumwondoa, na nchi nyingi hulitoza faini kama alifika bila hati halali. Kwa hiyo mhudumu huangalia Timatic, hifadhidata ya IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, ya masharti ya kuingia kila nchi: anaweka uraia, nchi ya kupitia na nchi ya mwisho, kisha anafuata kilichoandikwa. Kumbembeleza hakusaidii. Liulize shirika likusomee masharti hayo wiki kadhaa kabla.

Nchi ya kupitia ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Anayepita Marekani kwenda nchi nyingine anakaguliwa na Uhamiaji wa Marekani kama anayeingia, hivyo anahitaji viza hata kama anakaa saa 3 tu. Tena jihadhari na tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali kwa sababu zimetoka rahisi. Zisipounganishwa, kwa kawaida mzigo unatoka kwenye ndege ya kwanza, abiria anapaswa kuingia nchini humo kuuchukua, na akichelewa ndege ya pili hana wa kumdai. Kwa mtu anayesafiri mara ya kwanza, sisi hatupendekezi kabisa.

Hesabu hiyohiyo ipo kati ya Mtwara na Dar es Salaam. Kwa ndege ni kama saa moja, lakini jengo la ndege za ndani siyo jengo la 3 la ndege za kimataifa. Kwa tiketi mbili, mzigo unachukuliwa na kukabidhiwa upya. Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 550, na Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara hiyo eneo la Somanga, Kilwa. Masika mteja alale Dar es Salaam usiku mmoja kabla ya safari, bila mjadala.

Hati za kuandamana na viza zinategemea mtu na nchi. Viza ya Schengen inadai bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, na maombi yanapelekwa angalau siku 15 kabla. Chanjo ya homa ya manjano inahesabika baada ya siku 10, na tangu Julai 2016 cheti chake ni cha maisha, kwa hiyo kadi ya zamani isitupwe. Hujaji anahitaji pia chanjo ya homa ya uti wa mgongo, nayo siku 10 kabla ya kufika Saudia. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja abebe cheti cha kuzaliwa na barua ya idhini ya mzazi aliyebaki. Zote hizi, pamoja na barua ya mwaliko na anwani ya mwenyeji, ziwe kwenye karatasi na kwenye mkoba wa mkononi. Kuna abiria wanaofika mbele ya afisa wakati barua iko ndani ya begi kubwa, upande wa pili wa ukaguzi.

Kuhusu mizigo, swali la kwanza liwe hili: je, umepewa cha watu? Shangazi anatuma kifurushi, jirani anatuma dawa kwa mwanawe. Kaunta abiria ataulizwa kama alifunga begi mwenyewe, na kilichomo ni chake kisheria. Mwambie mteja afungue kila kifurushi, amwage, aone, afunge upya kwa mkono wake. Aliyekituma akikataa kifunguliwe, kibaki. Dawa ziwe kwenye pakiti yake pamoja na barua ya daktari. Tramadol, ambayo huku wengine huitumia kama dawa ya maumivu ya kawaida, Falme za Kiarabu inaihesabu dawa inayodhibitiwa na watu hukamatwa kwayo.

Pawa benki haiingii kwenye begi la kukabidhi, kamwe. Betri ya lithiamu ikishika moto ndani ya kabini wahudumu wanaiona na kuipoza, lakini kule chini hakuna mtu. Kikomo cha kawaida ni Wh 100 (wati-saa, kipimo cha nishati ya betri). Kama namba hiyo haikuandikwa, gawanya mAh kwa 1,000 kisha zidisha kwa 3.7: ya 20,000 inatoa Wh 74, inapita, ya 30,000 inatoa 111, inahitaji idhini ya shirika. Emirates tangu Oktoba 2025 inaruhusu moja tu kwa abiria, na haitumiki ndani ya ndege. Kosa hutokea mlangoni, kabini ikijaa na begi dogo likachukuliwa kwenda chini: abiria akumbuke kuitoa kwanza.

Mafuta ya nazi, asali na achari ya embe vyote huhesabiwa vimiminika. Mkononi ni chupa ya mililita 100, na kinachopimwa ni chupa, hivyo ya mililita 200 iliyobaki robo nayo inatupwa. Korosho zilizokaangwa na kufungwa kiwandani hupita kwa urahisi kuliko ghafi. Nyama na maziwa havipelekwi Ulaya. Samaki mkavu anaruhusiwa huko hadi kilo 20. Australia kila chakula kinatajwa kwenye fomu, hata pakiti moja ya korosho. Na kwa kinyago cha mpingo, mti huo umo tangu 2017 kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Tangu 2019 bidhaa iliyokamilika isiyozidi kilo 10 imeondolewa kwenye hitaji la kibali cha CITES. Risiti ya mchongaji ibebwe.

Ndani ya ndege, mweleze mteja wazi kwamba Mkataba wa Tokyo wa 1963 unampa rubani mkuu mamlaka ya kumfunga abiria au kumkabidhi kwa polisi. Kuvuta sigara chooni na kutania kuhusu bomu ni makosa ya kweli. Abiria wetu wengi ni Waislamu, na choo cha ndege hakikujengwa kwa kunawa miguu, maji yakijaa sakafuni ni hatari. Watie udhu uwanjani, na waliobaki wawaulize mashehe wao mapema kuhusu tayamamu. Anayekwenda umra moja kwa moja Jeddah aweke ihramu kwenye begi la mkononi, kwa sababu mikati, mpaka wa kuvalia ihramu na kutia nia, hupitwa angani. Mkasi wa kupunguzia nywele uende kwenye begi kubwa.

Mbele ya afisa wa Uhamiaji, majibu mafupi yanayolingana na karatasi yanatosha. Anayekwenda kumtazama mwanawe aseme hivyo, asitaje kazi, wala asikubali "ndiyo" kwa swali ambalo hakulielewa. Ana haki ya kuomba mkalimani. Akikataliwa, aombe sababu kwa maandishi na aitunze hiyo karatasi. Fomu nyingi za viza zitamuuliza kama aliwahi kukataliwa, na akificha, kuficha huko peke yake kunatosha kumnyima viza inayofuata.