Wageni Wakitaka Kuona Wanyama, Waanzishie Lango la Sala

Aliye na jamaa Maskati, Dubai au London anaijua simu hii. Salamu zikiisha, wagonjwa wakiulizwa hali, linafuata lenyewe: "Mwaka huu tunakuja na watoto. Wanataka kuona wanyama. Tupangie." Kisha inaingia orodha: Maasai Mara, Amboseli, Nakuru, Mlima Kenya, Lamu, na siku mbili za kupumzika Malindi. Yote hayo ndani ya wiki moja na nusu, na mama mzima wa miaka sabini yumo garini.

Mimi sifanyi kazi ya utalii. Ni mwenyeji wa Malindi tu ambaye ukoo umemgeuza ofisi ya safari. Nimewapangia, nimewasindikiza, na zaidi ya yote nimewasikiliza wakirudi. Ushauri wangu wa kwanza huwa hawaupendi: ikate orodha nusu, halafu ikate tena. Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120, Mombasa hadi Nairobi ni kama 480, na Nairobi hadi Mara bado kuna mwendo wa nusu siku kupitia Narok. Mtu akifuata orodha ile, atakachokijua vizuri ni mgongo wa dereva.

Ushauri wa pili ndio hasa ulionifanya niandike. Ukiwa Malindi, usianzie mbali. Anzia Sala.

Lango la Sala la Mbuga ya Tsavo Mashariki liko kama kilomita 110 kutoka mjini kwetu, kwa njia ya Kakoneni na Langobaya. Ukitoka baada ya swala ya alfajiri, kabla jua halijachoma umeshaingia. Hapo uko ndani ya moja ya mbuga kubwa kabisa Afrika, iliyotengwa pamoja na mwenzake wa Magharibi mwaka 1948. Wazungu wanakaa kwenye ndege kwa muda wa saa nane kuja kuiona, na sisi wengine tunazeeka Malindi bila kufika langoni. Ajabu zaidi ni kwamba mji huu umejulikana kwa wanyama tangu zamani: mwaka 1415 twiga aliyetoka Malindi alifikishwa China kwa mfalme, na wachoraji wa huko walishawahi kuwachora twiga wa namna hiyo. Mchina wa enzi ile alimwona twiga wetu, na kijana wa mitaa yetu ya Shela au Maweni leo hajamwona.

Ukishapita Sala unaufuata mto Galana. Huyu Galana ndiye Sabaki wetu, yuleyule anayemwaga tope jekundu baharini kaskazini ya mji mvua zikinyesha bara, na yuleyule ambaye maji ya Baricho tunayofungua bombani yanatoka kandokando yake. Kwa mtoto wa hapa, kuona mto anaoujua ukiwa na mamba na viboko ni somo zuri kuliko filamu yoyote. Mbele kuna maporomoko ya Lugard, ambapo mto umechonga miamba ikawa na mashimo na migongo ya ajabu. Hapo unaruhusiwa kushuka garini, lakini shika watoto mkono na usisogelee maji, maana mamba hawaonekani mpaka wakitaka. Ng'ambo ya mto unaona mwinuko mrefu umenyooka kama ukuta. Hiyo ni Yatta, lava iliyomiminika zamani na kuganda, na inaendelea kwa karibu kilomita 300.

Wanyama? Ndovu wa Tsavo ni wekundu, kwa sababu wanajirushia udongo wa pale. Watoto hudhani wamepakwa rangi. Kuna nyati, twiga, punda milia, choroa, na swala twiga anayesimama kwa miguu miwili kula majani ya juu, ambaye hutamwona Mara. Simba wapo, na madume wengi wa huko hawana manyoya ya shingo ya kutisha kama wale wa kwenye picha, kwa hiyo usishangae mtu akisema "mbona majike matupu". Ila nikwambie ukweli: Tsavo ina vichaka na ni pana sana. Kuona simba si haki yako uliyoilipia, ni bahati. Khalati yangu alikaa kimya saa nzima kando ya bwawa la Aruba, ndovu wakija na kuondoka, akasema hiyo inamtosha, simba wabaki walipo.

Na hapa nina ugomvi na safari za kwenda na kurudi siku moja zinazouzwa ufukweni. Si kwamba ni uongo. Mtu anaingia, anaona, anatoka. Lakini unafika jua likiwa limepanda, mchana wanyama wamejilaza vivulini, na jioni wanapoanza kutembea wewe ndio unakimbilia lango, kwa sababu malango ya mbuga hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Lala. Usiku mmoja ni mzuri, mbili ni bora. Kama mfuko ni mdogo, punguza mbuga, usipunguze usiku.

Sasa msimu. Watu wa Pwani tunahesabu mwaka kwa pepo, na hesabu hiyo inafaa hata mbugani. Masika, kuanzia Machi mwishoni hadi Mei, nyumba za wageni ni rahisi lakini nyasi ni ndefu, maji yako kila mahali, na mnyama hana sababu ya kuja kwenye bwawa ulilolikalia. Barabara za udongo zinateleza. Kiangazi cha Juni hadi Oktoba, na kile kifupi cha Januari na Februari wakati wa kaskazi, maji hupungua na wanyama hukusanyika mtoni. Huo ndio wakati. Anayetaka pia kuogelea na kutazama samaki katika hifadhi ya bahari ya Malindi au Watamu, kaskazi ndiyo yenye bahari tulivu. Kusi ikivuma bahari huchafuka.

Ila kwa familia za Kiislamu kuna jambo ambalo vitabu vya watalii havisemi. Mwezi wa Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, na miaka hii unaangukia Februari na kuelekea Januari, yaani katikati ya kile kiangazi kizuri cha kaskazi. Kufunga na kuzunguka mbugani kwenye joto la Tsavo kunawezekana, lakini sikushauri kwa watoto na wazee. Kwa hiyo kwa sasa mimi huwaelekeza jamaa kwenye kusi, Julai hadi Septemba. Tena Maulidi nayo yanaangukia Agosti na Septemba, na anayetaka kuona Lamu ikijaa watu wa kila bandari aje msimu huo. Waambie tu wapange malazi ya Lamu mapema, na kama hawapendi barabara ya Garsen na Witu, waulizie ndege fupi kutoka Malindi hadi Manda, kisiwa cha uwanja wa ndege wa Lamu. Wa barabarani wasafiri mchana na waulize hali ya usalama kabla ya kutoka.

Mara siidharau. Kuanzia Julai hadi Oktoba nyumbu wanavuka kutoka Serengeti, na kundi zima la uhamaji huo linapita milioni moja. Lakini kuvuka kwa mto hakuna ratiba. Watu hukaa ukingoni siku nzima nyumbu wanapiga mahesabu kisha wanageuka. Na bei si mchezo. Tangu 2024 mgeni wa nje, mtu mzima, kiingilio cha Mara ni dola 100 kuanzia Januari hadi Juni na dola 200 kuanzia Julai hadi Disemba, kwa siku. Zidisha kwa familia ya watu sita. Mara iko chini ya kaunti ya Narok, kwa hiyo usidhani malipo uliyofanya ya mbuga za KWS, shirika la serikali la wanyamapori, yanafika huko. Anayeitaka kweli aifanye ndiyo safari yake, apande ndege hadi Nairobi, akae huko siku za kutosha, na Tsavo aiache kwa mwaka mwingine.

Kati ya hizo mbili kuna njia ninayoipenda: gari moshi la Madaraka, la Mombasa hadi Nairobi. Linatoka Miritini, si mjini Mombasa, na wengi huchelewa kwa kutojua hilo. Linakata Tsavo katikati, na ukikaa dirishani macho wazi, ndovu utawaona bila kulipia kiingilio. Shuka Voi au Mtito Andei uingie Tsavo Magharibi kwenye chemchemi za Mzima. Maji yanayobubujika pale kutoka chini ya miamba ya volkano ndiyo yanayopelekwa kwa bomba hadi Mombasa. Kuna chumba kidogo kimejengwa chini ya maji, unatazama samaki kupitia kioo, na ukibahatika kiboko.

Pesa na karatasi nitazipitia haraka, lakini usizipuuze. Mgeni wa nje aombe idhini ya kusafiri ya kielektroniki kwenye intaneti mapema. Kenya iliacha viza na kuanza utaratibu huo Januari 2024. Jamaa aliyezaliwa hapa na bado ana kitambulisho cha Kenya akibebe, na watoto wenye vyeti vya kuzaliwa vya hapa wavibebe, kwa kuwa tofauti ya bei kati ya mwananchi na mgeni ni kubwa mno. Mbuga za KWS hazipokei pesa taslimu langoni. Lipeni kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, mkiwa bado mjini penye mtandao, na risiti mziweke kwenye simu zaidi ya moja.

Kwa gari, usikubali bei ya mdomo. Muulize mwenye gari: kiingilio kimo? Kiingilio cha gari je? Chakula na kitanda cha dereva? Paa linafunguka? Tairi ya akiba iko? Atakayekasirika kwa maswali haya mwache aende. Kampuni halali ina leseni ya mamlaka ya udhibiti wa utalii na haitaona haya kukuonyesha. Ndugu zangu walishatozwa kiingilio mara mbili na mtu waliyekutana naye ufukweni, akitabasamu na kuongea Kitaliano safi.

Malaria ni jambo zito kwa hawa wetu wa Ghuba. Mtu aliyezaliwa Malindi akakaa Maskati miaka ishirini anarudi na mwili wa mgeni, wala asijidanganye na uzawa. Pwani na Tsavo kote kuna malaria. Amwone daktari kabla ya kusafiri, ameze dawa ya kinga kama ilivyoandikwa, na homa yoyote baada ya kurudi, hata baada ya wiki kadhaa, apimwe na aseme alikuwa Afrika Mashariki.

Mavazi: mbung'o wanapenda rangi nyeusi na buluu. Akina mama, buibui jeusi liacheni begini mkiwa vichakani. Vaeni dera na mtandio wa rangi ya mchanga au kahawia. Vijana wasije na nguo za mabaka kama za wanajeshi, hapa raia haruhusiwi kuzivaa. Droni bila kibali ni matatizo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, na tangu Juni 2020 hata chupa za maji za kutupa haziruhusiwi mbugani, kwa hiyo bebeni chupa za kudumu na madumu ya maji garini. Vumbi la Tsavo litaingia kila mahali. Leso ya kufunika pua si mapambo.

Chakula uliza mapema kwa simu kama nyama ni ya halali, usingoje mezani. Wengi wanaweza kukuandalia ukiwaarifu siku kadhaa kabla, na wakishindwa kuna samaki na mboga. Kwa swala, msafiri ana ruhusa yake: Adhuhuri na Alasiri mnaweza kuzikusanya na kuzipunguza. Ila msishuke garini popote mtakapo kutandika msala. Subirini kambini, langoni, au kwenye vituo vilivyowekwa alama ya kushuka, kama pale Lugard. Dereva mzuri ukimwambia asubuhi, atapanga mzunguko wake mfike hapo kwa wakati.

Na ikitokea siku moja imebaki kabla ya ndege yao, msiwapeleke mbali tena. Msitu wa Arabuko Sokoke uko njiani kuelekea Gede, na ndani yake kuna sengi mwenye matako ya rangi ya dhahabu, mnyama mdogo anayekimbia kama panya mwenye haraka na asiyepatikana kwa wingi popote pengine duniani. Ingieni mapema asubuhi na mwelekezaji wa msituni, jua halijapanda, na muwaambie watoto wanyamaze, kwani huyo akisikia kelele hamtamwona.