Simu za wagombea zisizoisha

Mama, umeuliza namna ya kunyamazisha zile sauti za kampeni zilizorekodiwa. Kwanza usibonyeze 1, wala namba nyingine yoyote wanayosema ni ya kujiondoa. Ukibonyeza, mashine inajua namba yako iko hai. Kata bila kusema neno.

Kisha zuia: kwenye Android nyingi, fungua orodha ya simu, shikilia kidole juu ya namba ile mpaka menyu itokee, chagua Bloquer (zuia). Lakini wanabadilisha namba kila mara, kwa hiyo hiyo pekee haitoshi.

Kunyamazisha namba zote usizozijua sikushauri hata kidogo. Hapa Lubumbashi mtoto akiishiwa unité (salio la simu) anapiga kwa simu ya jirani, nawe hutasikia. Afadhali uweke Ne pas déranger (usinisumbue) usiku tu, saa 3 usiku mpaka saa 12 asubuhi, na uruhusu appels répétés (simu zinazorudiwa): mtu akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15, simu inalia.

WhatsApp: fungua Paramètres (mipangilio), Confidentialité (faragha), Groupes (makundi), kisha uchague Mes contacts (watu uliowahifadhi). Hapo mgeni hawezi kukutia kwenye kundi la mgombea bila ruhusa yako.

Anayeomba namba ya kadi yako ya mpiga kura, au namba ya siri ya M-Pesa eti akutumie zawadi, huyo ni mwizi. Usimjibu, na uwaonye wazee wa nyumbani leo hii, maana ndio wanaonaswa na sauti yenye heshima.