Barua kwa mwanangu: nguvu inayoipa seli umbo

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kwa nini wataalamu wa seli wahangaike na milinganyo ilhali hadubini inawaonyesha waziwazi seli ikitambaa. Naam, hadubini huonyesha umbo, ila nguvu zinazolifinyanga umbo hilo hazionekani kwa macho, na ndizo zinazotafutwa kwa hesabu.

Itazame keratosaiti, seli ya ngozi ya samaki, ambayo huteleza juu ya kioo huku ikidumisha umbo lake la hilali. Kwenye ukingo wake wa mbele zimo nyuzi za protini iitwayo aktini, nazo hurefuka kwa kuongezewa chembe moja baada ya nyingine, kila chembe ikiongeza takriban nanomita 2.7 tu. Mwaka 1993 Charles Peskin, Garrett Odell na George Oster walionyesha kwa hesabu jinsi nyongeza ndogo kiasi hicho inavyoweza kusukuma utando unaoizunguka seli: joto huutikisa utando bila kukoma, na kila nafasi ya kutosha inapojitokeza, chembe mpya huingia na kuuzuia usirudi, kama utingo anavyosogeza jiwe nyuma ya gurudumu kila lori linapopanda kidogo. Kwa mlinganyo wa namna hiyo, mzigo wa pikonyutoni 1.5 hivi (pikonyutoni ni kipimo cha nguvu ndogo mno) juu ya uzi mmoja hupunguza kasi ya chembe kuingia hadi karibu theluthi ya ilivyokuwa bila mzigo.

Sasa utando wenyewe hautanuki ovyo, na mvutano wake huenea karibu sawasawa ukingoni kote. Katikati, ambako nyuzi ni nyingi, mzigo hugawanywa na ukingo husonga mbele. Pembeni nyuzi ni chache, kila moja huelemewa, na ukingo husimama. Mwaka 2008 Kinneret Keren, Alex Mogilner, Julie Theriot na wenzao walipima maumbo ya mamia ya keratosaiti, wakaona kwamba uwiano huu wa nyuzi na mvutano unaeleza sehemu kubwa ya tofauti zilizopo baina yao. Kwangu mimi huo ni ushindi mkubwa wa hisabati.

Seli nyeupe ya damu inayopenya kwenye tishu ni ngumu zaidi, kwa kuwa hubadilika umbo kila mara na kubanwa pande zote. Kwa hiyo anza na keratosaiti: andika mlinganyo wa ukingo wake, punguza nyuzi za pembeni kwa nusu, kisha uniandikie umeona hilali imekuwaje.

Mama yako