Kamba ya swichi ya bafuni imekatikia ndani

SWALI: Fundi, salamu. Tunapanga nyumba ya zamani huku Nguba, Bukavu. Taa ya bafuni huwashwa kwa kuvuta kamba inayoning'inia darini. Juzi kamba hiyo ilikatikia ndani ya swichi, na mwanangu mkubwa akapenyeza waya nyembamba ya chuma mahali pake ili tuendelee kuvuta. Taa inawaka vizuri. Je, tunaweza kuiacha hivyo mpaka mwisho wa mwezi?

JIBU: Hapana, Mama. Mtu yeyote asiiguse tena waya hiyo. Zima dijonkta kuu, ile swichi inayokata umeme wa nyumba nzima, leo hii ndipo waya iondolewe. Swichi ya kamba huwekwa bafuni kwa sababu mwili uliolowa hupitisha umeme kwa urahisi kuliko mwili mkavu: sehemu zenye volti 220 hupandishwa darini, mbali na maji na mikono, na mvutaji huachiwa kamba ya nailoni isiyopitisha umeme. Waya ya chuma inafuta ulinzi huo wote. Ndani ya kile kisanduku kidogo imekaa karibu sana na skrubu zinazobana waya za umeme, na siku itakapogusa skrubu ya fezi, yaani waya inayoleta umeme, anayeishika akiwa peku kwenye sakafu yenye maji ndiye atakayekuwa njia ya umeme kwenda ardhini. Kwamba taa inawaka hakuonyeshi lolote kuhusu hatari hiyo.

Kabla ya kufungua chochote, nakuomba uzingatie hili, kwa kuwa naliona mara nyingi katika mji wetu: watu husubiri umeme ukatike, kisha hupanda ngazi wakidhani wako salama. SNEL, shirika la umeme la Kongo, inaweza kuurudisha wakati wowote, vidole vyako vikiwa bado ndani ya swichi. Kwa hiyo teremsha dijonkta hata kama mtaa mzima una giza, umweke mtu mzima karibu nayo ili asije mwingine akaipandisha, na ikiwa nyumba ina betri na inveta au jenereta, zima hiyo pia, maana mara nyingi taa ndizo zinazolishwa nayo. Kisha pima kwa kipimo chenye ncha mbili: kwanza mahali unapojua pana umeme, ili uhakikishe kipimo ni kizima, halafu kwenye swichi baada ya kuzima. Ile bisibisi yenye kitaa kidogo ndani ya mpini usiitegemee peke yake.

Kama kamba ingekuwa imekatika chini, penye kile kiungo cha plastiki, ungefunga kipande kipya hapo bila kufungua swichi. Yako imekatikia ndani, na humo mna mkono mdogo wa plastiki, springi, na gurudumu lenye meno ambalo kila mvuto hulisogeza hatua moja: hatua hii hukutanisha vipande vya shaba, inayofuata huviachanisha. Wapo mafundi wanaopitisha kamba mpya kwenye mkono huo na kuifunga fundo. Kazi hiyo huweza kufaulu ikiwa meno hayajalika na shaba haijaungua, lakini springi huruka kisanduku kinapofunguliwa, na plastiki iliyokaa miaka mingi kwenye mvuke hupasuka kirahisi. Kwa swichi ya zamani kama yenu, mimi ningenunua mpya ya ampea 6 au 10, inayotosha kabisa kwa taa. Ikiwa swichi hiyo inawasha pia chombo cha kupasha maji, usinunue ya taa. Muulize fundi kwanza.

Piga picha ya waya kwa simu kabla ya kuzilegeza. Swichi ya kawaida ina mbili tu, fezi inayoingia na ile inayokwenda kwenye taa, na kila moja irudi mahali pake, ikibanwa mpaka isitoke ukiivuta. Dari nyingi za kwetu ni za triplexi, yaani mbao nyembamba za tabaka zilizogandishwa, na skrubu iliyoshika triplexi peke yake hulegea kwa kuvutwa kila siku, mpaka swichi nzima ibaki ikining'inia kwenye waya zake. Tafuta ubao wa dari ulio juu yake, au ongeza kipande cha ubao, ndipo uifunge.

Jambo moja mwachie fundi. Katika nyumba za zamani nimekuta swichi ikikata nyutro, yaani waya inayorudisha umeme, badala ya fezi, hivyo taa inazimika huku umeme ukibaki kwenye kishikio cha balbu. Mwombe apime kishikio hicho swichi ikiwa imezimwa. Akikuta fezi bado ipo, azirekebishe waya kabla mtu hajabadilisha balbu humo. Akiwa hapo, akuangalizie pia kama bafu linalindwa na dijonkta diferansieli ya miliampea 30, ile inayokata yenyewe umeme unapovuja kupitia mwili. Kama haipo, zungumza na mwenye nyumba aiweke.