Kivuli cha mviringo kwenye pafu la mtoto

SWALI: Mwanangu ana miaka 8. Tunaishi Turkana, tunafuga mbuzi na mbwa. Ametibiwa nimonia mara mbili, kikohozi hakiishi. Eksirei imeonyesha kivuli cha mviringo pafu la kulia. Daktari anataka siti skani, tena na altrasaundi ya tumbo. Kwa nini tumbo? Na kwa nini wasivute maji kwa sindano wakajua ni nini?
Mama Ekai

JIBU: Mama Ekai, sindano kwanza: wasiichome. Turkana inajulikana duniani kwa ugonjwa wa haidatidi, vifuko vya maji vinavyoletwa na tegu wa mbwa. Maji hayo yamebanwa kwa shinikizo na yamejaa vichwa vya tegu. Yakimwagika kifuani, mtoto anaweza kupata mshtuko wa mzio na kufa kwa dakika chache. Akipona, vichwa hivyo huweza kuota vifuko vipya.

Tumbo linapimwa kwa sababu mayai ya tegu humezwa, na kiluwiluwi kikishapenya utumbo hupita kwenye ini kabla ya kufika mapafuni. Mtoto mwenye kifuko pafuni huenda ana kingine kwenye ini, kimya kabisa. Altrasaundi haina mionzi, basi msiikose.

Kwenye eksirei, ambayo hupigwa kwa mbele na kwa ubavu, kifuko kizima huwa na ukingo mkali kama umechorwa kwa bikari, na weupe wake ni sawasawa. Tatizo ni kwamba kwa watoto nimonia nayo huweza kuwa mviringo. Kinachozitenganisha ni muda: nimonia hufifia baada ya dawa, kifuko hubaki au hukua, na kwa mtoto hukua haraka kwa kuwa pafu lake ni laini. Kwa hiyo picha za zamani ni muhimu mno, nendeni nazo zote.

Kifuko kikianza kuachana na pafu, hewa hupenya juu yake na kuonekana kama mwezi mwandamo. Kikipasuka, ngozi ya ndani huelea juu ya maji kama jani la yungiyungi. Kikiingia usaha hufanana na jipu au TB, na hapo ndipo wengi hukosea. Makohozi yapimwe TB vilevile.

Siti skani hupima msongamano wa kilichomo, yaani kama ni maji au nyama: maji huwa karibu na 0 hadi 20 kwa kipimo cha Hounsfield, nyama huzidi hapo. Mzoezeni mtoto kubana pumzi nyumbani, maana akitikisika picha huharibika. Kipimo cha damu kisiwatulize: kifuko kizima cha pafu mara nyingi hutoa jibu la kutokuwa na ugonjwa.

Msimnunulie albendazoli, dawa ya minyoo, dukani. Huweza kudhoofisha ukuta wa kifuko kikapasuka. Daktari wa upasuaji ndiye apange lini itumike. Akikohoa maji ya chumvi au vipande kama ganda la zabibu, wekeni kipande kwenye chupa safi, mkimbilie hospitali siku hiyohiyo.