Kaktasi inalainika chini

Dada, hiyo kaktasi yako ndefu ya nguzo inayolainika na kugeuka kahawia pale chini haina kiu, inaoza. Hapa Mombasa hewa yenyewe ina unyevu tele, na masika haya ukiendelea kuimwagilia kila siku mizizi itakwisha yote. Chukua kisu kikali ukipanguse na spiriti, ukate juu ya palipooza mpaka uone nyama safi isiyo na doa hata moja katikati, halafu kilaze kile kipande kivulini penye upepo wiki mbili hivi mkato ukauke uwe mgumu, ndo upande. Mchanga wa bichi usitie kabisa, una chumvi, tafuta wa mto uchanganye na kokoto ndogo, na chungu kiwe na matundu tafadhali.