Maswali ya wasomaji: Kidonda kinapona, uzee mbona hauponi?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mimi ni binti wa hapa Tanga, Chumbageni, namuuguza bibi yangu mzaa mama, ana miaka 81. Magoti yanamsumbua, macho yameingia ukungu, tukienda kupima tunaambiwa ni uzee tu. Juzi kajikata kidole akimenya muhogo na kidonda kikapona vizuri tu, nikabaki najiuliza mwili unaojua kufunga kidonda mbona unashindwa goti? Watu wanasema mwili unachakaa kama baiskeli. Sibishani na Mungu, najua kila nafsi itaonja mauti, nataka kujua huko ndani kunatokea nini.

JIBU: Marahaba mwanangu, pole na kuuguza na bibi mpe salamu zangu. Hicho kidonda ulichokiona ndicho kinachoikataa habari ya baiskeli. Baiskeli sisi watu wa Tanga tunazijua, mji mzima tunaendesha, na hakuna hata moja iliyolala mnyororo umekatika ikaamka umeungika. Mwili unafanya hivyo kila siku. DNA, yale maelekezo ya urithi yaliyo ndani ya seli, inaharibika mara nyingi sana kwa siku, kwa jua, kwa moshi, hata kwa hewa hii hii tunayovuta, na kuna protini zinazopita zikiziba na kuunga. Shida ni kwamba mafundi hao hawamalizi kazi yote, kila siku kinabaki kidogo, na sehemu nyingine hawafiki kabisa, mfano lenzi ya jicho, protini za katikati yake ulizozaliwa nazo ndizo utakazozikwa nazo, zikiganda ndio ule ukungu, mtoto wa jicho.

Halafu kuna hesabu ya kugawanyika. Mwanasayansi Leonard Hayflick alionyesha mwaka 1961 kwamba seli za binadamu zikikuzwa maabara zinagawanyika mara 40 mpaka 60 hivi kisha zinagoma. Baadaye ikajulikana kwamba ncha za kromosomu, zile nyuzi zilizobeba DNA, zinaitwa telomea, zinapungua kila seli inapogawanyika, na waliofumbua namna ncha hizo zinavyolinda kromosomu walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2009. Utasema basi tuzirefushe! Ila seli isiyojua kuacha kugawanyika ndiyo kansa yenyewe, na kansa nyingi zinafanya hivyo hivyo, zinairudisha ile ncha. Kwahiyo kile kinachotuzeesha kwa upande mmoja kinatulinda kwa upande mwingine. Na telomea peke yake haitoshi kuwa jibu, maana panya ana telomea ndefu kuliko zetu na anaishi miaka miwili mitatu tu.

Sasa tuje kwenye mbona. Fikiria mvuvi na mashua yake. Kila siku anayoipandisha pwani kutia kalafati ni siku hajavua. Kama bahari anayovulia ina miamba na tufani na anajua mashua haifiki miaka mitano, atatengeneza ya kutosha miaka mitano, zaidi ya hapo anatupa hela. Viumbe hawakai wakapanga hivyo, ila ndivyo vizazi vinavyochujana. Mwanasayansi Peter Medawar alilieleza mapema miaka ya 1950 kwamba porini wengi wanaliwa au wanaumwa kabla ya kuzeeka, kwahiyo hitilafu inayotokea uzeeni haichujwi, mwenye nayo ameshazaa na watoto wameirithi. Thomas Kirkwood mwaka 1977 akaongezea kwamba chakula anachopata kiumbe hakitoshi kwa yote mawili, kuzaa sana na kujikarabati kikamilifu.

Ushahidi upo hapa hapa kwetu. Nenda Mapango ya Amboni uangalie popo. Popo mdogo ana uzito kama wa panya ila panya analiwa na kila mtu, popo anaruka na kujificha pangoni, basi mwili wake unajitengeneza muda mrefu zaidi. Kuna popo mmoja huko Siberia, gramu 7 tu, aliwekwa alama akaja kukamatwa tena baada ya miaka 41.

Pweza ni kinyume chake, na huyu mimi ananigusa sana. Jike anataga mara moja tu maishani, anakaa pangoni na mayai yake, anayapepea maji safi, hali chakula, anakonda, yakianguliwa anakufa. Mwaka 1977 Jerome Wodinsky aliwatoa majike tezi fulani zilizo karibu na macho, wakayaacha mayai, wakarudi kula na wakaishi muda mrefu zaidi. Yani kifo kile hakikuwa kuchoka, ni homoni. Mkonge nao, uliofika kwetu mwaka 1893 na Richard Hindorf, ukitoa mlingoti wenye vichipukizi vyake ndio mwisho wake, akiba yote imepanda juu.

Na kule chini kwenye giza yupo silikanti, yule samaki anayenaswa kwenye majarife ya papa, hifadhi yake hapa Tanga ilitangazwa mwaka 2009. Wanasayansi wa Ufaransa walisoma mistari ya magamba yake mwaka 2021 wakakuta anaweza kufika miaka 100, anaanza kuzaa akiwa na hamsini na kitu na mimba anaibeba miaka 5 hivi. Maji ya kina kirefu, baridi, hana haraka. Ndio maana akinaswa mmoja inauma, kumrudisha ni kazi ya nusu karne.

Ila mwanangu, hilo neno "uzee tu" usilipokee kirahisi. Mtoto wa jicho anatolewa, operesheni fupi, wanaweka lenzi nyingine, na kuwa na miaka 81 sio kizuizi. Mpeleke kwa daktari wa macho. Na goti usimwache akae kitini siku nzima, misuli isiyotumika uzeeni inaisha haraka sana.

SWALI: Mwalimu, niko Pangani. Je kuna kiumbe ambaye hazeeki kabisa?

JIBU: Haidra anakaribia. Ni kajidudu ka maji baridi, kadogo kama uzi. Daniel Martínez aliwafuga miaka minne na mwaka 1998 akaandika kwamba hakuona dalili ya kuzeeka. Seli zake zinagawanyika muda wote na zilizochakaa zinasukumwa mpaka miguuni na kwenye minyiri, zinadondoka. Ila hana ubongo wala moyo, sisi seli nyingi za ubongo ni zile zile toka utotoni, na ndimo tunamohifadhi majina ya watu wetu. Na haidra naye samaki anamla, dimbwi likikauka anakufa.